Mita Ishirini na Sita

Siku za mwizi ni arobaini, na Uulkan alikuwa amefika ya thelathini na nane. Mwenyewe hakujiita mwizi. Alijiita mwalimu wa makumbusho, kazi aliyoifanya miaka kumi na sita, na kama angeulizwa na mtu wa kumwonea huruma angesema alichukua kitu kwa sababu kilihitajika. Lakini mtu wa kumwonea huruma hakuwepo. Aliyekuwepo ni Begaim, binti wa miaka ishirini na saba aliyetumwa kutoka mji mkuu na kompyuta yake, glavu zake nyeupe, na tepu ya kupimia ambayo hakuiweka chini tangu asubuhi.

"Namba mia nne na kumi," Begaim alisema. "Tandiko la farasi, ngozi na fedha."

"Lipo," alijibu Mzee Sharshen.

"Kwamba lipo naliona, mzee. Nataka urefu."

Walikuwa katika ghala la chini la makumbusho ya mkoa, watu watatu kwenye meza moja ndefu. Mzee Sharshen, mtunza hazina mkuu, alitoa vitu kabatini kimoja kimoja, kofia yake ya sufu nyeupe kichwani kama kawaida, maana hata ndani hakuivua. Uulkan alisoma namba zilizopakwa kwa wino mwekundu. Begaim alipima na kuandika. Na katika rafu ya tatu, umbali wa mkono tu kutoka bega la Uulkan, ilikaa namba mia nne thelathini na moja: elechek, kilemba cheupe cha mke wa mtu, kitambaa kimoja kirefu kilichozungushwa tabaka juu ya tabaka kwenye kichwa cha mti. Rejista ilisema kina mita ishirini na sita. Uulkan alijua kina ishirini na tatu, kwa kuwa aliyekata tatu ni yeye.

Miaka yote ya nyuma jambo hili lisingemnyima mtu usingizi. Hesabu ya ghala ilifanywa kila masika kwa namna moja: mtunza hazina anataja, mwenzake anatazama, anasema "kipo", wanatia saini, wanakwenda kunywa chai. Kilemba ni kimoja, basi kimoja kipo. Nani amewahi kupima kilemba? Lakini mwaka huu wizara ilitaka rejista mpya ya kompyuta, na kompyuta, Mungu aisamehe, ilitaka urefu, upana na uzito wa kila kitu mpaka sindano.

Kubwa kuliko hilo, Begaim alikuja na swali mfukoni, na jibu lake ndilo lingeamua maisha ya Uulkan. Makumbusho ya mkoa ni nyumba saba: hii kubwa mjini, na sita ndogo wilayani, nyingine chumba kimoja nyuma ya ofisi ya posta. Kati ya nyumba hizo na shule za milimani yalikuwa yakizunguka masanduku ya Uulkan, yamejaa vitu vya kweli vya kale, ili mtoto asiyewahi kushuka mjini ashike kwa mkono wake kijiko cha babu wa babu yake. Mpango huo uliitwa Sanduku la Safari. Wizara ilitaka kujua kama ni salama. Begaim akiandika "hapana", masanduku yanafungwa kuanzia mwezi ujao, na Uulkan anakwenda nyumbani kupanda viazi.

"Mimi siwachukii watoto, dada," Begaim alikuwa amemwambia asubuhi, kwa sauti ya upole kabisa. "Ila kila kinachopotea katika mikoa hii kinapotelea njiani. Nikikuta kimoja tu kimepungua, sitakuwa na la kuandika zaidi ya hapana."

"Namba mia nne kumi na moja," Begaim alisema sasa. "Kengele ya ngamia."

Vilibaki vitu ishirini.

* * *

Siku ile ya tatu ya mwezi wa tatu, Uulkan alikwenda Kara-Jylga, kijiji cha mwisho kabla barabara haijakata tamaa. Kilemba kilikuwa ndani ya sanduku, kimefungwa kwa chachi, na juu ya karatasi ya ruhusa Mzee Sharshen alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: KISIFUNGULIWE. Aliandika hivyo kila mara. Uulkan na Jekshen, dereva wake, walikuwa wakimcheka njiani. Jekshen alisema mzee huyo, akifa, kaburini wataandika hivyohivyo.

Somo lilikwenda vizuri kuliko masomo yote ya mwaka. Watoto thelathini na mmoja walijazana darasani na mabuti yenye theluji, na nyuma yao walikaa akina mama na mabibi, kwa sababu Kara-Jylga mgeni ni wa wote. Uulkan alifungua chachi. Msichana mmoja wa mbele akauliza kama huyo mwenye kilemba shingo haikumuuma.

"Ilimuuma," Uulkan alisema. "Lakini alikibeba. Mnajua kwa nini? Watu wetu walikuwa wanahama kila msimu. Mwanamke akijifungua njiani, mabibi walikata kitambaa cha kilemba wakamviringisha mtoto. Mtu akifia njiani, mbali na kijiji, walikata hichohicho wakamfanyia sanda. Kwa hiyo huyu bibi alitembea na nguo ya anayekuja na nguo ya anayeondoka, zote kichwani."

Darasa likanyamaza, ule ukimya ambao mwalimu anaungoja miaka. Bibi mmoja nyuma, kidevu juu ya fimbo yake, alitikisa kichwa kukubali. Jina lake Batma.

Walipokuwa wanapakia sanduku, bibi huyohuyo akaja mbio, fimbo kwapani. Mkwe wake ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya wakati. Gari pekee la kijiji limekwenda mjini. Hospitali ya wilaya iko upande wa pili wa mlima. Je, basi la makumbusho halina nafasi?

"Lina nafasi ya vijiko vya kale tu," alisema Jekshen, huku tayari anasogeza masanduku.

Wakapanda mlima. Mkwe huyo, Asylkan, alilala juu ya blanketi sakafuni, akiuma mkono wa koti lake. Saa nane mchana, kabla hawajafika kilele, theluji iliporomoka barabarani mbele yao, na Jekshen alipojaribu kurudi nyuma tairi moja likaingia mtaroni. Simu haikushika mtandao. Upepo ulikuwa unalisukuma basi kwa bega. Na mtoto, kama watoto wote, hakuuliza hali ya barabara.

Alizaliwa saa tisa na robo, msichana, mdogo, wa rangi ya zambarau. Batma ndiye aliyempokea. Alimpigapiga mgongoni mpaka akalia, kilio chembamba cha paka, halafu akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nguo."

Uulkan alivua skafu yake. Ilikuwa imelowa. Jekshen akavua shati, likanuka dizeli mpaka yeye mwenyewe akalitupa. Blanketi lilikuwa limejaa maji na damu. Makoti yote yalikuwa juu ya Asylkan, aliyekuwa anatetemeka meno yakigongana. Ndani ya basi pumzi zao zilionekana.

"Nguo, binti," alisema Batma. "Safi, kavu, laini. Anapoa."

"Mama, hakuna."

Bibi akageuka. Macho yake yakaenda kwenye sanduku, yakarudi kwa Uulkan.

"Ile si ya kukatwa," Uulkan alisema. "Mama, ile ni ya serikali. Ina namba. Ina miaka mia na ishirini."

"Asubuhi umewaambia watoto nguo ile ni ya nini." Batma hakupaza sauti. "Mimi nimekusikia, nilikuwa nimekaa pale. Njiani si ndiyo hapa? Au ulikuwa unawadanganya watoto wa watu?"

Uulkan alisoma miaka mitano chuoni, akaenda semina, akapewa vyeti, na hakuna aliyemwandaa kwa swali hilo. Alimtazama mtoto. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. Akafungua sanduku, akatafuta ncha ya nje ya kitambaa, akavuta kwa urefu wa mikono yake miwili, mara mbili, akachukua mkasi aliokuwa akikatia karatasi za watoto. Akakata.

Trekta la barabara liliwafikia saa kumi na mbili. Mama na mtoto walifika hospitali wakiwa hai. Jekshen alipendekeza mtoto aitwe Rejista. Batma akampiga fimbo ya mguu, akamwita Jolaim, mwezi wa njiani.

Usiku ule Uulkan aliandika ripoti, kurasa mbili, kweli tupu. Asubuhi akaipeleka kwa Mzee Sharshen, akamkuta mlangoni na barua ya wizara mkononi: mkaguzi anakuja, suala ni Sanduku la Safari, mambo yote yawe sawa. Uulkan akaitazama barua, akaitazama ripoti yake, akasema alikuja kuomba chaki. Ripoti ikaingia kwenye droo. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, wala tusimtetee. Kukata kulikuwa na sababu. Kuficha kulikuwa woga tu.

* * *

Walipumzika kwenye namba mia nne ishirini na tano. Chai ya maziwa ililetwa ghorofani, na maandazi madogo ya mafuta yenye jamu ya matunda ya mashambani. Begaim alikula matatu na kuomba la nne, mtoto wa watu tu. Mzee Sharshen hakula. Alikaa dirishani anaangalia mlima, funguo zikimning'inia kiunoni, na Uulkan alipomsogezea kikombe mzee alikipokea halafu akakiweka chini bila kunywa. Amejua, Uulkan aliwaza. Amekiona kilemba kimepungua, na ananisubiri niseme mwenyewe.

Jekshen alimvuta ukumbini, nyuma ya mbwa mwitu aliyekaushwa.

"Sema ni nondo," alinong'ona.

"Nondo hawakati kwa mkasi, Jekshen."

"Nondo wa siku hizi wamesoma."

"Niache."

"Basi sema hujui. Dada, nisikilize. Ulipokipokea kilikuwa na ngapi? Nani alipima? Hakuna! Labda kilizaliwa na ishirini na tatu. Labda aliyeandika rejista mwaka wa sabini na nne alikuwa amelewa. Unakaa kimya, anaandika 'tofauti ya kumbukumbu', mambo yamekwisha. Masanduku yanaendelea."

Ilikuwa njia nzuri, na ubaya wake ndio huo. Uulkan alikuwa ameshaifikiria mara mia. Alikuwa amekwenda hata sokoni kutafuta kitambaa cha kuungia, akarudi mikono mitupu, maana vya sokoni vilikuwa vyeupe mno, na kilemba kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala.

"Wakikufukuza wewe," Jekshen alisema, sasa bila mzaha, "mimi nitampeleka nani Kara-Jylga? Mzee Sharshen hatoki hata kununua mkate."

Keshokutwa alikuwa amealikwa huko. Jolaim angetimiza siku arobaini, na angevalishwa shati lililoshonwa kwa vipande vya nguo kutoka nyumba arobaini, ili aishi umri wa watu wengi. Batma alituma salamu kwamba kipande cha Uulkan kinasubiriwa. Uulkan hakujua angekwenda kule kama mwalimu au kama mtu wa kesi.

Kengele ikagongwa. Wakarudi chini.

"Mia nne thelathini," Begaim alisema. "Mkoba wa kumisi, maziwa ya farasi. Sawa. Mia nne thelathini na moja."

Mzee Sharshen hakuondoka alipokuwa.

"Mia nne thelathini na moja, mzee. Elechek."

"Ipo. Unaiona pale."

"Naomba mezani."

Alikileta kwa mikono miwili, polepole, kana kwamba kimejaa maji. Akakiweka mezani lakini mikono haikutoka juu yake.

"Hiki hakifunguliwi," alisema. "Kitambaa kimezeeka. Mikunjo imeshakuwa mifupa yake. Ukikifungua, hakuna mwanamke hai mkoani hapa anayejua kukirudisha. Andika mita ishirini na sita."

"Nitaandika nitakachopima."

"Mwanangu, nimekaa ghala hili miaka thelathini na minne."

"Ndiyo maana natumwa mimi, mzee," Begaim alisema, kwa heshima, na bila kurudi nyuma hata hatua. "Tafadhali."

Uulkan alimtazama mzee na kuelewa, au alidhani ameelewa. Mzee anamkinga! Mtu huyu aliyembania masanduku, aliyemwandikia wino mwekundu, amejiweka kati yake na tepu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hakuweza kukubali mtu wa miaka sitini na sita aseme uongo kwa ajili yake.

"Zimepungua tatu," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Nyamaza, Uulkan," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Zimepungua mita tatu. Nilizikata mimi, mwezi wa tatu tarehe tatu, mlimani." Akasimulia yote, barabara, theluji, mtoto, bibi, mkasi wa karatasi, droo. Hakujipamba. "Ripoti iko juu. Nakwenda kuileta. Kosa ni langu, si la masanduku. Masanduku hayakufanya kitu."

Begaim alikuwa ameacha kuandika. Kwa muda uso wake ulikuwa wa binti wa mtu, si wa mkaguzi.

"Mtoto yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai."

"Alhamdulillahi." Kisha akavuta pumzi, akarudi kazini. "Dada, nitaandika ulivyosema. Kukiri kwako kutahesabiwa. Lakini lazima nipime nione kwamba ni tatu kweli."

Mzee Sharshen akaondoa mikono yake juu ya kilemba.

Begaim alianza kufungua. Kitambaa kilitoka na harufu ya kabati na ya moshi wa zamani, kikalala mezani mkunjo juu ya mkunjo, naye akakipitisha kwenye tepu. Mita tano. Tisa. Uulkan alikuwa anapumua kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Limeshasemwa, liwalo na liwe. Kumi na mbili. Kumi na nne.

Na kwenye kumi na nne kitambaa kikaisha.

Juu ya kichwa cha mti palibaki duara nene jeupe, kana kwamba bado kuna mita nyingi, ila halikuwa kilemba. Ilikuwa shuka ya kitanda, ya pamba nzito ya kiwandani, imekunjwa na kushonwa kwa uzi ili ijaze nafasi. Begaim aliigusa kwa ncha ya kidole.

"Dada," alisema, na upole wote ulikuwa umekwisha. "Ulisema tatu."

"Tatu."

"Zimepungua kumi na mbili."

"Haiwezekani."

"Kumi na mbili. Na ndani umejaza shuka isijulikane. Imeshonwa vizuri sana. Hii si kazi ya mtu aliyekwama mlimani na mtoto mchanga. Hii ni kazi ya mtu aliyekaa mezani akatulia." Alifunga kompyuta nusu. "Mita tisa za kitambaa cha mikono cha zaidi ya miaka mia. Wako watalii wanaonunua. Umenipa tatu zenye kisa kizuri ili nisiulize tisa."

"Sijawahi kuiona shuka hiyo. Wallahi sijaiona. Nilivuta ncha ya nje tu!"

"Na mtoto yupo kweli, au naye umemshona?"

Hilo lilimpiga Uulkan kuliko kofi. Siku thelathini na nane alikuwa ameogopa kukamatwa na ukweli. Sasa ameusema, na ukweli umemkataa hadharani. Alimgeukia mtu pekee chumbani aliyemjua.

"Mzee Sharshen. Mwambie. Miaka kumi na sita, nimewahi kukudanganya? Mwambie tu hilo."

Mzee alikuwa anaitazama shuka.

Sekunde zikapita, na Uulkan akamchukia. Alimchukia kwa funguo zake, kwa kofia yake, kwa kila chai aliyompelekea. Kumbe hakuwa anamkinga mtu. Alikuwa anachukia kusumbuliwa, basi.

"Nitapiga simu polisi," Begaim alisema. "Samahani, dada. Utaratibu ndio huo." Akatoa simu yake.

"Weka simu chini, mwanangu," alisema Mzee Sharshen.

Alivua kofia yake. Uulkan hakuwahi kuona kichwa cha mzee. Kilikuwa cheupe na kidogo, na bila kofia alionekana kama mtu aliyetoka kitandani. Akaiweka mezani, akaingiza vidole chini ya bitana yake, akatoa kitu kilichokunjwa mara nne. Kipande cha kitambaa, upana wa kiganja. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyolala.

"Linganisha," alisema.

Begaim alichukua kipande, akakiweka kwenye ncha ya ndani ya kilemba. Nyuzi zilikutana. Mahali mkasi ulipokwenda kombo pande zote mbili zilikwenda kombo pamoja.

"Mwaka wa tisini na nne, mwezi wa pili," mzee alisema. Alisema kama anayesoma rejista, bila kupanda wala kushuka. "Mama yangu alikufa Jumanne. Nyinyi hamuijui miaka ile. Dukani kulikuwa na chumvi na viberiti. Mishahara haikuja tangu vuli. Barabara imefungwa, theluji kiunoni, mkoa mzima huna mahali pa kupata kitambaa cheupe. Majirani walileta walichonacho. Walileta pazia. Pazia la maua. Walilileta kwa mapenzi, simlaumu mtu. Lakini ningemzika mama yangu kwa maua ya jikoni? Na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa chumba hiki."

Akaigusa shuka kwenye pindo.

"Nilikata tisa. Alikuwa mdogo, zilitosha, kikabaki hiki. Shuka ni yake. Nilishona mwenyewe, siku ya saba. Nikasema masika watakapohesabu nitasema. Masika wakahesabu. Wakasema, kilemba kimoja, kipo." Akamtazama Uulkan kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana niliandika kisifunguliwe. Kila mwaka uliponiomba vitu vya masanduku nilikubania nikisema watoto watachafua. Watoto hawakuwa na hatia. Nilikuogopa wewe na ncha yako ya kitambaa. Na sasa hivi, ulipokuwa unaniomba nikushuhudie, nilikuwa nahesabu. Nilikuwa najiambia: akae na kumi na mbili zote, yeye kijana, atasamehewa. Nataka ulijue hilo pia."

Uulkan alilijua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, na hakuweza kusema kama ni ya hasira au ya yule mama aliyeletewa pazia.

Begaim alikaa chini. Alifungua kompyuta, akaangalia kioo muda mrefu.

"Hapa kuna safu ya sababu ya upungufu," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Naweza kuchagua wizi. Moto. Maji. Wadudu. Haijulikani. Hakuna nyingine. Mzee, mimi lazima nichague moja, na barua itakwenda, na nyinyi wawili mtaitwa. Siwezi kulifuta."

"Usilifute."

"Na masanduku sijui. Siwezi kuahidi."

"Hatukuomba ahadi," Uulkan alisema, na akashangaa kwamba alisema kweli.

Mzee Sharshen alikwenda kabatini, akaleta rejista ya zamani, lile daftari nene la mwaka wa sabini na nne lenye jalada la kitambaa. Akalifungua kwenye mia nne thelathini na moja. Akatafuta kalamu, akapata ile nyekundu, akairudisha, akachukua nyeusi. Aliandika polepole, mstari wa kwanza: mita tisa, Februari 1994, Zuurakan, mama yangu. Mstari wa pili akaandika mita tatu, Machi tarehe tatu, halafu akasimama.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Jolaim."

Akaandika Jolaim. Mkono ukasogea mpaka safu ya mwisho, ya sababu. Akaandika neno moja kwenye mistari yote miwili, akageuza daftari ili Begaim aone.

Imetumika.

Begaim alisoma. Alivua glavu moja, kisha ya pili. Akakichukua kile kipande cha kiganja, akakigeuza, akaangalia tepu yake, akaangalia mlango.

"Arobaini ya mtoto ni lini?" aliuliza.

"Keshokutwa," Uulkan alisema.

Akakipima. Sentimita kumi na moja. Alikaa kidogo na namba hiyo mbele yake, kisha akaandika mita kumi na nne kamili, na kipande akakisukuma mezani mpaka kikafika mbele ya Uulkan.

"Mia nne thelathini na mbili," alisema. "Mzee, naomba inayofuata."